Je, Anayekula Samaki wa Baruti Ana Hatia?



Jumamosi moja kabla ya Kwaresima, katika darasa la Kipaimara, kijana mmoja aliniuliza swali, nami nikamjibu upesi mno. Tulikuwa tumefika amri ya nane, ile ya kuiba. Akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, baba hataki samaki wa baruti waingie nyumbani. Mama anasema samaki amekwisha kufa, tusipomla sisi ataoza bure. Je, kumla ni dhambi?" Nikamwambia: "Kula, mwanangu. Dhambi ni ya yule aliyerusha baruti. Samaki hana kosa, na wewe huna kosa." Wenzake wakacheka, tukaendelea na somo.

Usiku ule jibu langu halikuniacha nilale vizuri. Halikuwa uongo. Lilikuwa jibu la mwalimu anayetaka kipindi kiishe, na mtu aliyeshika chaki maisha yake yote hujua tofauti. Basi Padre alipoomba makala kwa ajili ya gazeti letu la mtaa, nikaona heri nilipe deni langu hapa, maana wazazi wa watoto wale ni wasomaji wake.

Yafaa kwanza tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Watu wengi husema "baruti" kana kwamba ni kitu kimoja. Baruti ya wazee wetu, ile ya magobori, ilikuwa mchanganyiko wa makaa, salfa na shura. Mwaka 1867 Mswidi Alfred Nobel alipata haki ya kutengeneza dainamaiti. Lakini baruti inayopasua miamba mingi zaidi katika migodi na machimbo ya dunia siku hizi hutokana na chumvi moja nyeupe iitwayo naitreti ya amonia. Na chumvi hiyo ni mbolea. Wakulima wetu hawakukosea walipoziita mbolea za viwandani "chumvichumvi", maana kwa lugha ya kemia ni chumvi hasa.

Naifahamu kwa kuwa nilifundisha sayansi na kilimo. Katika miaka ya 1980, kila shule ya msingi ikiwa na shamba lake la kujitegemea, tulikuwa tukipata mifuko ya CAN, yaani naitreti ya amonia iliyochanganywa na chokaa ili kuipunguzia ukali. Niliwafundisha watoto mambo matatu juu yake, na nadhani wengine wanayakumbuka hata leo. La kwanza, hupenda maji kuliko mlevi apendavyo tembo: mfuko ukiachwa wazi, punje hunyonya unyevu wa hewa, hushikamana, na baada ya masika moja una jiwe badala ya mbolea. La pili, ukiiyeyusha majini, maji hupoa. Nilikuwa nikitia konzi moja katika bakuli, watoto wakigusa nje ya bakuli moja baada ya mwingine, wakirudisha mkono kwa mshangao, maana walizoea kwamba kitu kikali huunguza. La tatu, ndani yake mna naitrojeni, chakula cha mahindi. Chumvi hii ikiwa safi, zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wake ni naitrojeni. Hewa tunayovuta nayo imejaa naitrojeni, karibu sehemu nne katika kila tano, lakini mhindi hauwezi kuila hewani. Lazima ipatikane udongoni ikiwa imefungwa pamoja na vitu vingine.

Jambo la nne sikulifundisha kwa undani, wala sitalieleza kwa undani hapa. Chumvi hii imebeba oksijeni yake yenyewe. Kuni zikiwaka huomba oksijeni kwa hewa, na ukizifunika huzimika. Hii haiombi. Peke yake ni pole. Ukiiwashia kijiti cha kiberiti haitakujali. Lakini kuna hali ambazo hubadilika yote kwa mara moja, ikawa naitrojeni, mvuke wa maji na oksijeni. Tazameni ajabu yake: vitu hivyo vyote vitatu vimo katika hewa ya asubuhi mnayoivuta mkienda shamba. Ila vilikuwa vimekaa ndani ya punje ndogo, navyo hudai nafasi yao kwa ghafula. Kudai nafasi huko ndiko mlipuko. Hakuna shetani ndani ya punje.

Binadamu alijifunza kuifunga naitrojeni ya hewani mwanzoni mwa karne iliyopita. Mjerumani Fritz Haber aligundua njia ya kutengeneza amonia kutoka hewani, na mwenzake Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda. Kiwanda cha kwanza kilianza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Ujerumani ilizingirwa baharini, ikakosa shura ya kutoka Chile, na amonia iliyokuwa iwe mbolea ikaenda kutengeneza baruti ya mizinga. Haber mwenyewe ndiye aliyesimamia gesi ya sumu iliyofunguliwa dhidi ya askari huko Ypres tarehe 22 Aprili 1915. Wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo hula chakula ambacho kisingeota bila naitrojeni ya viwanda vya namna ile. Nikiwaza juu ya mtu huyu sijui nimweke upande gani, nami namshukuru Mungu kwamba kazi ya kumweka si yangu.

Hapa kwetu Miono twaitumia chumvi hii zaidi ya tunavyodhani, hata asiyelima. Kokoto za kujengea hutoka Lugoba, na mwamba wa machimbo haukubali kuwa kokoto kwa kubembelezwa. Hupasuliwa kwa baruti, na watu wenye vibali, kwa ving'ora na bendera nyekundu. Barabara ya lami tunayopita kwenda Chalinze ina kokoto chini yake. Mahindi tunayokula yana mbolea ndani yake. Na samaki, je?

Sisi hatuna bahari. Samaki hutufikia kutoka Saadani kwa njia ya Mkange, zamani kwa baiskeli na matenga, siku hizi kwa pikipiki. Wengine hutoka Bagamoyo wakiwa katika barafu. Nani amemvua na kwa chombo gani, hatukuona. Wengi wa samaki hao ni wa halali, wamevuliwa kwa nyavu, mishipi na madema na watu waliokesha baharini. Lakini pwani yetu ilipata sifa mbaya duniani kwa sababu ya wale wasio wa halali. Kuvua kwa baruti kumekatazwa nchini tangu mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikakaza zaidi. Hata hivyo, mwaka 2015 watafiti waliipita pwani ya Tanzania kwa chombo, wakisikiliza chini ya maji kwa vinasa sauti. Kwa siku 31 walihesabu milipuko 318. Asilimia 62 ya milipuko hiyo ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na Bagamoyo imo ndani ya kilomita hizo. Baadaye Serikali iliunganisha polisi, maofisa wa uvuvi na vyombo vingine katika kikosi kimoja, na kufika mwaka 2018 milipuko ilikuwa imepungua sana. Tunashukuru. Lakini ilipungua kwa kukamatwa watu, na sijui kama ilipungua kwa dhamiri ya wanunuzi, kwa kuwa sisi wanunuzi hakuna aliyetukamata.

Baruti ya baharini ilikuwa ya namna mbili: ile iliyotoroshwa kutoka migodi na machimbo, na ile iliyotengenezwa kienyeji kwa mbolea. Ikipasuka majini, maji hayabonyei kama hewa. Kishindo husafiri kama nyundo. Samaki wengi wana kifuko cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea, na kifuko hicho hupasuka. Uti wa mgongo huvunjika. Baadhi huelea, wakachotwa kwa kimia. Wengine huzama, wakaachwa huko huko chini. Pamoja na wakubwa hufa wadogo na mayai, ambao hakuna aliyekuwa na haja nao. Na matumbawe, ambayo ni nyumba ya changu na pono na tasi, huwa kifusi. Tumbawe hukua polepole mno, mengine upana wa kidole tu kwa mwaka au pungufu. Na kifusi kinachoviringishwa na mawimbi hakiwezi kushika kizazi kipya, kama vile huwezi kupanda mchungwa juu ya rundo la kokoto linaloporomoka kila siku. Kwa hiyo kijana wangu wa Kipaimara hakupotea njia alipouliza swali lake katika amri ya kuiba. Aliyepiga baruti ameiba samaki wa watoto ambao hawajazaliwa.

Sasa nirudi kwenye jibu langu. Nilisema dhambi ni ya aliyerusha. Jibu hilo lina ndugu yake, ambalo watu hulipenda zaidi: kwamba chombo hakina hatia. Nalo ni kweli. Lakini nimeona kwamba tukishasema chombo hakina hatia, na tukishampata mtu mmoja wa kubeba hatia yote, sisi wengine huondoka tukipangusa mikono.

Fikirini Beirut. Tarehe 4 Agosti 2020 ghala moja bandarini lililipuka, likaua watu zaidi ya 200 na kuubomoa mji kwa sehemu kubwa. Ndani mlikuwa na tani 2,750 za naitreti ya amonia. Mzigo ule haukuwa wa Lebanoni hata kidogo; meli iliyoubeba ilitoka Georgia mwaka 2013 ikielekea Beira, Msumbiji, katika bahari yetu hii hii, ambako ungetumiwa kutengeneza baruti za migodi. Meli ikaingia Beirut, ikazuiwa, ikatelekezwa na mwenyewe, mzigo ukashushwa. Ukakaa ghalani miaka sita. Kuna waliojua. Barua ziliandikwa kutoka ofisi hii kwenda ofisi ile, zikajibiwa, au hazikujibiwa. Hakuna mtu aliyerusha kitu. Nani basi alitenda dhambi? Ukifuata jibu langu la darasani, hakuna. Lakini waulize waliozika watoto wao.

Na kabla ya hapo Oppau, pale pale penye kiwanda cha kwanza. Rundo la mbolea lililochanganyika na naitreti hii lilikuwa limeshikamana ghalani kama nilivyosema hushikamana. Wafanyakazi walikuwa na desturi ya kulilegeza kwa baruti ndogo. Ndiyo, baruti juu ya mbolea! Walikwisha kufanya hivyo maelfu ya mara, na hakuna lililotokea. Tarehe 21 Septemba 1921 likatokea, na watu zaidi ya 500 wakafa. Naamini aliyefanya kazi ile siku ile hakuwa mwovu. Alikuwa amezoea tu.

Torati ina sheria moja ambayo kwa miaka mingi niliisoma harakaharaka, nikidhani ni ya wafugaji. Imo katika Kutoka, sura ya 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe atauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe yule alikuwa na mazoea ya kupiga watu, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, basi mwenyewe ana hatia ya damu. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua. Musa hakumwuliza mwenye ng'ombe kama alikuwa na nia mbaya. Alimwuliza kama aliambiwa.

Hapo ndipo mahali panaponiuma mimi, na sasa sina budi kusema.

Nilipokuwa kijana, kabla ya kuhamishiwa bara, nilifundisha katika shule moja ya pwani. Kijiji sitakitaja. Darasa la saba nilikuwa na mvulana mwenye akili ya hesabu, mwepesi wa mikono, ambaye katika somo la bakuli la maji baridi aliniuliza: "Mwalimu, si hii ndiyo wanayopigia samaki?" Nikajibu kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi mzuri. Nikamweleza juu ya oksijeni, jinsi ilivyofungwa ndani, jinsi inavyodai nafasi. Sikumfundisha kutengeneza kitu. Kwa kweli alijua zaidi yangu, maana mjomba wake alikuwa katika kazi hiyo, na kijiji kizima kilijua. Lakini nilieleza habari ile yote kama habari ya chumvi tu. Sikusema neno hata moja juu ya mikono ya watu, wala juu ya bahari. Kengele ikalia.

Mvulana yule alikuwa akiniletea samaki nyumbani. Jioni, mara mbili tatu kwa juma, akitumwa na mjomba: "Shikamoo Mwalimu, mjomba anasema pokea kitoweo." Mshahara wa mwalimu wakati ule mnaukumbuka. Nilipokea. Siku moja mke wangu, akiwa ameketi uani na kisu, aliniita akanionyesha changu mmoja. Alikuwa mzima kwa nje, mzuri wa kupendeza. Akamshika kichwa na mkia, samaki akalegea katikati kama kitambaa. Akasema: "Mwalimu, mfupa wa samaki huyu umevunjika kabla ya kisu changu." Akapasua, ndani damu imevilia. Nikasema: "Pika, kabla hajaharibika." Maana samaki wa baruti huharibika upesi, na hilo pia nilikuwa nalijua.

Tulikula. Tulikula tena mwezi mwingine na mwingine. Yule mvulana alimaliza shule, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akaingia katika mashua ya mjomba wake. Mwaka wa pili mlipuko ulimkuta kabla hajatupa. Kiganja cha kulia kilikatika chote, na jicho moja likafa. Nilikwenda kumwona hospitalini. Akanisalimu kwa heshima kama zamani, akataka kunyosha mkono, akakumbuka. Mimi niliyekuwa na maneno mengi juu ya oksijeni sikuwa na la kusema.

Je, nilimkata mkono mimi? La. Sitaki kujipa ukubwa huo. Kujitwika dhambi za watu wote nako ni namna ya majivuno. Mjomba alikuwapo. Tajiri aliyetoa mashua na fedha ya baruti, ambaye hakuwahi kulowana hata kifundo cha mguu, alikuwapo. Aliyetorosha baruti alikuwapo. Njaa ilikuwapo pia, nayo si kitu cha kudharau. Mtu ambaye nyavu zake zimeoza na watoto wanalia hahukumiwi sawasawa na tajiri. Lakini katika msururu ule wa watu, wa mwisho alikuwa mwalimu aliyeketi mezani, na msururu usingekuwapo kama mwisho wake hauna mtu. Ng'ombe alikuwa na mazoea, nami nilikwisha kuonywa, kwa uti wa mgongo uliolegea mkononi mwa mke wangu.

Mtu atanijibu kwa maneno ya Mtume Paulo, na ni haki anijibu. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, anawaruhusu Wakristo kula chochote kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri, maana dunia yote ni ya Bwana. Nimeutumia mstari huo mimi mwenyewe. Lakini someni mbele kidogo. Anasema mtu akikuambia kwamba nyama hii imetolewa sadaka kwa sanamu, usile, kwa ajili ya huyo aliyekuambia. Tena jambo analozungumzia Paulo ni nyama ambayo haikudhuru mtu kwa kutolewa sadaka, kwa kuwa sanamu si kitu. Sanamu si kitu, lakini baruti ni kitu. Matumbawe ni kitu, na kiganja cha mtoto ni kitu. Ruhusa ya kutouliza ilitolewa ili mkristo dhaifu asiteswe na hofu za bure. Sisi tumeigeuza kuwa kitambaa cha kujifunga macho.

Hoja ya yule mama, kwamba samaki amekwisha kufa, ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwa sababu ni hoja ya mtu mwenye huruma na anayechukia kupoteza chakula. Na kwa samaki mmoja, ni kweli. Nikimkataa hafufuki. Lakini mchuuzi haji mara moja. Fedha ninayompa leo inarudi pwani jioni hiyo hiyo, na inafika ikiwa na ujumbe: leteni wengine kama hawa. Nikinunua samaki wa jana, nimeagiza wa kesho. Mkulima yeyote wa ufuta hapa Miono anaelewa jambo hili bila kwenda chuoni; hupanda msimu huu kile kilichopata mnunuzi msimu uliopita.

Kwa hiyo nadhani swali la kijana halina jibu moja, na kosa langu lilikuwa kumpa moja. Inategemea nani anauliza. Mtoto anayewekewa sahani na mama yake ale, ashukuru. Hakununua, hakuonywa, na kumtwika dhamiri ya watu wazima ni ukatili. Jirani maskini aliyepewa sina la kumwambia. Mama aliyenunua sokoni kwa nia njema bila dalili yoyote hana hatia. Lakini mtu mzima mwenye fedha mkononi, aliyemshika samaki akaona amelegea katikati, macho yamevilia damu, nyama laini kama iliyopikwa, bei chini kuliko ya wenzake, naye akanyamaza kwa sababu akiuliza atalazimika kumrudisha, huyo amekwisha kujibu. Kunyamaza kwake kulikuwa tendo. Katika maungamo yetu kila Jumapili hatutaji tuliyoyatenda tu, twataja na yale tuliyoyaacha. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa nikipita hapo mbio.

Na hapo ndipo nilipotambua kwa nini nilimjibu upesi. Nilimpa kijana ruhusa iliyomfaa yeye, kisha nikaichukua nikaondoka nayo mwenyewe.

Kuna atakayesema basi mbolea hiyo ipigwe marufuku kabisa. Nchi nyingine zimeweka masharti makali juu ya kuiuza bila kuchanganywa na chokaa, na masharti ni mazuri. Ghala la Beirut lingekuwa na masharti yanayofuatwa, mji ungekuwa mzima. Lakini mwalimu wa kilimo hawezi kuwaambia watu wenye njaa kwamba chakula cha mahindi ni dhambi. Tulishaona huko Oppau na Beirut kwamba haikuwa chumvi iliyosahau, walikuwa watu. Nami katika darasa lile la pwani nilikuwa na chumvi bakulini na mtoto mbele yangu, nikaeleza chumvi.

Juma lililopita mchuuzi wetu alikuja na pikipiki, akasimama chini ya mwembe kama kawaida. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Habari za Saadani?" Akafungua sanduku. Nikachagua changu wawili, nikawashika kichwa na mkia kama mke wangu alivyofanya siku ile. Walikuwa wagumu. Hata hivyo nikamwuliza: wamevuliwa kwa nini hawa? Akanitazama kidogo, akacheka. "Mwalimu, mwaka wa nne huu nakuuzia samaki, hujapata kuniuliza." Nikamwambia ni kweli, sijapata, ndiyo maana nauliza leo, na juma lijalo nitauliza tena. Akasema ni wa nyavu, na kama nataka kumjua mvuvi, kuna simu yake. Nikalipa.

Jumamosi ijayo nina darasa la Kipaimara. Nimeomba kwa Padre nusu saa ya ziada.